Seiko 5: Unacholipia na Kinachodumu

Fundi akifungua mgongo wa Seiko 5 yenye mashine ya 7S26, cha kwanza kuonekana ni rota, kile kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotikisika. Chini yake kumejificha kidude chembamba chenye kucha mbili, ambacho Seiko walikianzisha mwaka 1959 kwa jina la Magic Lever. Rota ikigeukia upande wowote, kidude hicho huenda mbele na nyuma: kikienda upande mmoja, kucha moja hulivuta gurudumu la meno. Kikirudi, kucha ya pili hulisukuma. Mkono uende utakakoenda, springi inajazwa. Kazi hiyo ingeweza kufanywa na magurudumu kadhaa, kila moja na mafuta yake ya kukauka na meno yake ya kusagika. Hapa inafanywa na kipande kimoja.

Ubanaji huo umeenea mashine nzima. 7S26, iliyotoka mwaka 1996, haijazwi kwa kuzungusha kifungo, wala mshale wa sekunde hausimami unaporekebisha majira. Wapo wanaoyaita mapungufu. Kwangu ni uamuzi wa busara: kifungo kisichosumbuliwa kila asubuhi hakichakazi mpira unaozuia maji, na ndiyo maana wabunifu waliweza kukisogeza hadi kwenye tarakimu ya 4, kisichome kiganja.

Sasa bei. Kwa miaka mingi modeli ya SNK809, yenye mashine hiyo, iliuzwa Marekani chini ya dola 100. SKX007 ya wapiga mbizi ilikuwa na mashine ileile kwa bei ya juu zaidi, na nyongeza hiyo ilikuwa ya haki: mnunuzi alipata kasha nene, kifungo cha kukaza kwa skrubu na uwezo wa kuhimili maji hadi mita 200. Nisichokubaliana nacho ni nyongeza ya herufi. Modeli hiyohiyo ilitoka ikiishia na K au J. Ya J iliandikwa usoni kwamba imetengenezwa Japani, na wauzaji wakaipandishia bei. Ndani, mashine ilikuwa 7S26 kama ya mwenzake.

Mwaka 2019 Seiko 5 Sports ilizinduliwa upya kwa mashine ya 4R36, bei ikikaribia dola 300. Sasa unaweza kuijaza kwa kifungo, na sekunde zinasimama. Hata hivyo, kiwango cha kiwanda kinairuhusu kwenda mbele sekunde 45 au kubaki nyuma 35 kwa siku, wakati saa ya Uswisi yenye cheti cha usahihi cha COSC hubanwa kati ya 6 mbele na 4 nyuma. Anayetafuta usahihi alipie huko.

Anayetafuta saa ya kudumu amuulize muuzaji swali moja kabla ya kutoa pesa: ikiharibika, mashine nzima inapatikana? Ya 4R36 inapatikana, kwa kuwa pacha wake, NH36, huuzwa kwa watengenezaji wengine wa saa, na fundi anaweza kuibadilisha bila kusubiri kipuri kimoja kimoja.