Hidaya: Taarifa ya Mwisho Iliyotoka Mapema

Usiku wa Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilifunga hesabu ya kimbunga Hidaya. Taarifa ilieleza kuwa kimbunga kimepoteza nguvu kabisa baada ya kuingia Mafia, na kwamba hakuna tena tishio lake nchini. Ikasomwa redioni, ikasambaa kwenye simu, watu wakashusha pumzi. Mwisho wa juma hilohilo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika upande wa Kilwa, magari yakalala foleni siku kadhaa, na mikoa ya kusini ikabaki imetengwa na Dar.

Njia ya kimbunga ilikadiriwa vyema na boti za Zanzibar zilisimamishwa kwa wakati. Lakini ile taarifa ya mwisho ilikuwa kosa, na kosa lake ni la kitaalamu kabla halijawa la lugha.

Tazama kilichopimwa. Kituo cha hali ya hewa cha Réunion, chenye dhamana ya vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, hupanga madaraja kwa wastani wa kasi ya upepo ndani ya dakika 10. Kikifika kilomita 118 kwa saa ni kimbunga kamili, kikishuka hapo kinateremshwa daraja. Ngazi hiyo haina kipimo cha mvua hata kimoja. Jicho likigusa nchi kavu, kimbunga kinakosa maji ya moto yaliyokuwa yakikilisha, na miti na vilima vinauvunja upepo. Kasi huanguka ndani ya saa chache. Unyevu hauanguki kwa mwendo huo. Mzunguko uliodhoofika huendelea kuvuta hewa ya bahari kuileta pwani, hewa hiyo ikifika nchi kavu inapunguza mwendo, inarundikana, inapanda juu na kumwaga mvua. Tena mabaki yasiyo na upepo mkali mara nyingi hutembea polepole, kwa hiyo mvua hudumu mahali pamoja.

Vipimo vya TMA yenyewe vilikuwa vimekwisha kutoa ishara. Mtwara ilipata ndani ya saa chache mvua iliyozidi wastani wake wa mwezi mzima wa Mei. Na hiyo haikuangukia ardhi kavu. Tangu vuli ya El Niño ya 2023 udongo ulikuwa umeshiba, na Aprili 2024 Rufiji na Kibiti walikuwa wameogelea kwenye mafuriko. Mtaalamu aliyekuwa na karatasi hizo mbili mezani, ya mvua na ya udongo, angewezaje kuwaambia watu wa Kilwa kwamba tishio limekwisha?

Nitaambiwa kwamba kimbunga ni bidhaa moja na utabiri wa mvua ni bidhaa nyingine. Ofisini ni kweli. Dereva wa lori aliyepo Somanga, Kilwa, hasikilizi bidhaa mbili. Anasikia kwamba hatari imepita, anawasha gari.

Sisi wa bwawa la Mtera hatuna bahari, lakini jambo hili tunalijua kwa kuliona. Mvua ya Mbeya na Njombe hupita Usangu na Ihefu ndipo itufikie, na bwawa huweza kuendelea kupanda siku nyingi baada ya mbingu kutakata. Hakuna mtu wa milango ya bwawa anayefunga daftari kwa kuwa upepo umelala. Anasoma kipimo hadi mita 698.5, usawa wa bwawa kujaa. Maji hayohayo hushuka Kidatu, yakaingia Bwawa la Nyerere, yakaishia delta ya Rufiji, mkabala na Mafia ileile ambako Hidaya iliingia. Nimeshasema katika safu hii, na nitaendelea kusema, kwamba nchi hii inapima maji kwa macho ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2006 Mtera ilipokauka, lawama zilibebeshwa wafugaji wa Usangu, wakahamishwa, ilhali watafiti walikuwa wameshauliza kwa maandishi jinsi maji yalivyotolewa bwawani miaka ya 1990. Ugonjwa ni uleule: kuchukua kipimo kimoja na kukipa kauli ya mwisho.

Wala somo la Hidaya halikuwa geni. Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, na mafuriko makubwa ya mji wa Pemba yakaja siku tatu baadaye. Idai ilipiga Beira katikati ya Machi mwaka huohuo, kisha mito ya Buzi na Pungwe ikaifanya nchi kavu kuwa bahari. Freddy, Machi 2023, ilikuwa imedhoofika ilipofika Malawi, ikaua watu Blantyre kwa mvua na maporomoko. Vimbunga vitatu, miaka mitano, jirani zetu wa mlango wa pili.

Wazee wa majahazi walikuwa makini zaidi kuliko hivi, nao hawakuwa na setilaiti. Nahodha hakutweka tanga kwa sababu tu upepo umetulia. Aliangalia mawimbi yaliyobaki, mkondo, na wingu la upande wa matlai. Ahmad ibn Majid, katika karne ya 15, aliandika misimu ya kuondoka bandarini akiuchukulia msimu mzima, si pumzi moja ya upepo. Wanafunzi wa elimu ile walisubiri bahari yote itulie.

Ninachoomba TMA hakihitaji mashine mpya. Rangi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa tunazo na watu wamezizoea. Zitenganisheni: upepo uwe na rangi yake, mawimbi yake, mvua yake, mito yake, na kila moja ifungwe kwa wakati wake. Taarifa ya mwisho ya kimbunga isitoke mpaka wataalamu wa bodi za maji za mabonde waseme mito imeanza kushuka. Na wewe msomaji wa pwani, kimbunga kijacho kikitangazwa kimekufa, uliza kwanza mto uliopo mbele yako una hali gani, ndipo uvuke.