Mtihani Mmoja Hautoshi Kumpanga Mwanakisomo

Elimu ya watu wazima ni silaha ya ukombozi wa mkulima na mfanyakazi. Silaha hiyo lazima ipimwe, na katika kupima ndipo makosa mengi huingia. Hapa tunauhakiki mtihani wa kuandika unaotumika kumpanga mtu mzima darasani au chuoni, tukitazama hali halisi ya Kibiti na delta ya Rufiji.

Tuanze na historia. Mwaka 1967 asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Mafia, jirani wa delta, ikawa miongoni mwa maeneo sita ya kwanza ya kampeni ya kufuta ujinga. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa uliowapanga wanakisomo katika hatua nne. Mwaka huo wasiojua walihesabiwa kuwa asilimia 39, na mwaka 1986 asilimia 9.6. Huo ulikuwa ushindi wa wananchi wenyewe.

Hata hivyo, sensa ya 2002 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika ni kama asilimia 69 tu. Je, watu walisahau? Madarasa yalidorora wakati wa hali ngumu ya uchumi? Au kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro? Mtihani ulimtaka mtu aandike; sensa huuliza swali na kupokea jibu. Takwimu hizo mbili peke yake haziwezi kutuamulia. Kama kila mtihani ungeambatana na uchunguzi wa aina nyingine, leo tungejua.

Sasa twende deltani. Huko safari ni kwa mtumbwi, na mtumbwi hungoja maji. Msimu wa mpunga familia huhamia madunguni kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Mtihani wa siku moja ukiangukia msimu huo, utapima nani alipata chombo cha kuvukia.

Tuchukue mfano wa mama anayeweka daftari la fedha za kikundi cha wasuka mikeka. Anasomewa imla juu ya kilimo cha kahawa, zao ambalo hajaliona maishani. Anashindwa, anarudishwa kwenye a, e, i, o, u. Kijana wa pili amekariri kitabu, anafaulu; lakini akiuza korosho zake hawezi kusoma stakabadhi aliyopewa. Huyo mama ataacha darasa kwa aibu, na huyo kijana ataibiwa. Karatasi imewadhulumu wote wawili.

Basi tufanyeje? Kwanza, mwanakisomo aandike juu ya kazi yake mwenyewe, na wasahihishaji wawili wasome kila mmoja peke yake bila kuona alama za mwenzake. Pili, yatazamwe madaftari yake ya miezi iliyopita. Tatu, yeye na mwalimu wake wahojiwe. Nne, aonekane kazini: kwenye mizani, kwenye kitabu cha kikundi, kwenye mkutano wa kijiji. Tano, baada ya miezi mitatu afuatwe darasani, ionekane kama alipangwa mahali panapomfaa.

Njia hizi ziwe na kasoro tofauti, ili moja iifichue nyingine. Kupima samaki mara mbili kwa mizani ileile mbovu hakuongezi ukweli. Na njia zikipingana, tusichukue wastani na kufunga faili. Tuulize kwa nini, maana katika ukinzani huo ndimo tunamojifunza.

Wapo watakaosema kazi hii ni ghali. Tunajibu: ghali zaidi ni kumfundisha mtu anachokijua, au kumpa cheti cha asichokijua. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kikiwamo cha Ikwiriri, vilianza kujengwa kuanzia 1975 kwa ajili ya watu wa namna hii, na mlango wao haustahili kufungwa na karatasi moja.

Ni wajibu wa kada kuuliza, kila anapoletewa asilimia: imepimwaje, lini, na nani hakuwepo? Takwimu isiyoulizwa humfurahisha kiongozi, nayo humwacha mwananchi gizani.