Ufundi wa Kukata Mada

Anayetaka kufungua tovuti huulizwa itajengwa na nani, itaitwaje na itakuwa na rangi gani. Ni nadra kuulizwa itamjibu nani, na huyo anayejibiwa pesa yake inatoka wapi inakwenda wapi. Mafundi cherehani wanajua kwamba kushona kunafundishika. Mkasi ndio unaomtenga fundi na mwanafunzi, maana kitambaa kilichokatwa vibaya hakina mshono wa kukiokoa. Kuchagua mada ya tovuti ni kazi ya mkasi. Nataka kuisifu, kwa sababu inapofanywa vizuri haionekani kabisa.

Mwaka 1994 Jeff Bezos, wakati huo mfanyakazi wa kampuni ya uwekezaji jijini New York, aliorodhesha aina zipatazo 20 za bidhaa zinazoweza kuuzwa kwenye intaneti: nguo, muziki, programu za kompyuta, vifaa vya ofisi. Akabaki na vitabu. Sababu zake hazikuhusu mapenzi ya kusoma. Nakala moja ya kitabu haitofautiani na nyingine, kwa hiyo mnunuzi hana haja ya kuishika kabla ya kulipa. Wasambazaji wakubwa Marekani walikuwa wawili, hivyo hakulazimika kubisha hodi kwa kila mchapishaji. Na duniani kulikuwa na vitabu tofauti zaidi ya milioni 3, wingi ambao hakuna duka lenye kuta lingeweza kuupanga kwenye rafu. Amazon ikafungua milango Julai 1995. Ninachokistaajabia ni ile sababu ya tatu: alitafuta jambo ambalo duka la mtaani lisingeliweza hata likitaka.

Kwetu wengi hukimbilia palipojaa watu. Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, kwa kawaida mwezi Januari, tovuti huibuka zenye kichwa kile kile na viungo vile vile. Watu humiminika kweli. Lakini anayekuja anataka kuona divisheni yake tu. Akishaiona anaondoka, hana la kununua, na Februari hana sababu ya kurudi. Tena matokeo yenyewe yako bure kwenye tovuti ya Baraza. Mkataji mzuri angewatazama vijana hao hao akajiuliza wiki ijayo watahangaika na nini. Chuo gani kinamchukua mwenye D nne? Ada ni shilingi ngapi, na inalipwa kwa awamu? Maombi yanafungwa lini? Huko kuna vyuo vinavyotafuta wanafunzi na viko tayari kulipia tangazo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kuku. Mtu anasema ataandika kuhusu kilimo na ufugaji. Pana mno. Ufugaji peke yake? Bado. Kuku? Bado, kampuni za vyakula vya mifugo na maofisa ugani wamekwisha kuandika. Aendelee kukata mpaka amfikie mtu aliyenunua mashine ya kutotolesha mayai, umeme umekatika usiku wa siku ya 12, naye anataka kujua mayai yatastahimili saa ngapi. Huyo hasomi kwa kujiburudisha. Pesa yake imo ndani ya mashine na siku 21 zinahesabika. Atauliza kama nyuzi 37.5 zinatosha kwa mashine yenye feni, unyevu uongezwe lini, kwa nini aache kugeuza mayai siku ya 18, na yai lisilo na mbegu linatambulikaje kwa tochi. Kando ya kila swali kuna kitu kinachouzwa: kipimajoto, betri, inveta, trei, feni ya akiba. Mwakani atakuja mwingine na maswali yale yale. Kwa Kiingereza yamejibiwa mpaka yamezidi, ila aghalabu kwa watu ambao umeme wao haukatiki ovyo.

Hesabu pekee haitoshi, hata hivyo. Muhidin Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, Watanzania waliokuwa ughaibuni walikuwa na kiu ya kuona nyumbani: hafla, harusi, misiba, sura za watu wanaowafahamu. Yeye alikuwa mpiga picha wa habari. Kamera anayo, mialiko anayo. Mwingine angeweza kuiona kiu ile vizuri kuliko yeye na asifike popote, kwa kuwa hana picha. Mkataji hutazama haja ya watu, kisha hutazama kilichomo mkononi mwake.

Kuhusu malipo niseme kwa ufupi. Matangazo ya AdSense, ambayo Google iliyaanzisha mwaka 2003, huendeshwa kwa mnada: maneno ya bima na mikopo hugombewa, ya mashairi hayana mgombea. (Nayapenda mashairi. Ndiyo sababu sijayafungulia tovuti ya kunilisha.) Na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipoanza Tanzania, ada ya leseni ilikuwa shilingi milioni 1. Kwa gharama ya namna hiyo, tovuti ya kila kitu hufa kabla haijajulikana ni ya nini.

Wanaoogopa kubana mada hudhani wamejifungia chumbani. Mwaka 1997, huko Seattle, watu waliotoka Chuo Kikuu cha Washington walifungua tovuti ya mapishi ya biskuti peke yake, CookieRecipe.com. Zikafuata nyingine za mapishi ya aina nyingine, nazo zikaja kuunganishwa kuwa Allrecipes, iliyonunuliwa na Reader's Digest mwaka 2006 kwa dola milioni 66. Upana ulikuja baadaye, ukiwafuata wapishi waliokwisha kuizoea. Yule wa mashine ya mayai naye hamalizi siku ya 21. Vifaranga vikipasua ganda ndipo anapoanza upya: balbu ya wati ngapi, chakula cha kuanzia kwa wiki ngapi, chanjo ya mdondo atoe lini na airudie lini, na mnunuzi wa kuku mia mbili kwa mpigo anapatikana wapi.