Kilomita 11 za Derrick Henry

Sugar Land, Texas, ulikuwa mji wa sukari kweli: kiwanda cha Imperial ndicho kilichoulisha. Huko, mwaka 1953, mwanafunzi wa sekondari Ken Hall alifunga msimu wake wa mwisho akiwa amekimbia na mpira jumla ya yadi 11,232. Katika mechi moja ya mwaka huo alikabidhiwa mpira mara 11 tu, akapata yadi 520. Rekodi yake ya mpira wa Kimarekani wa shule ilikaa miaka 59.

Aliyeivunja ni Derrick Henry wa Yulee, Florida, mnamo Novemba 2012. Wazazi wake walikuwa bado vijana wadogo alipozaliwa, akalelewa na bibi yake, Gladys. Bibi huyo ndiye aliyempachika jina la utani la Shocka, kwa vile ujio wake uliwashtua watu wa nyumbani. Henry alimaliza shule na yadi 12,124, zaidi ya kilomita 11. Umbali huo mtu yeyote mwenye afya huutembea kwa saa mbili na ushei. Yeye aliupata vipande vipande, yadi tano hapa, thelathini pale, na katika kila kipande wapo wapinzani 11 waliopania kumlaza chini.

Wengi husifu mbio zake. Mbio anazo, lakini ufundi wa kazi hii huanza kabla ya mbio. Mkimbiaji husimama nyuma ya wazuiaji watano wenye miili mikubwa. Akishapokea mpira, njia aliyochorewa na kocha huenda imekwisha kuzibwa. Akikurupuka, atajigonga mgongoni mwa mwenzake. Akizubaa, atakamatwa palepale. Basi hupiga hatua mbili fupi, macho yakisoma mabega ya walio mbele: nani amesukumwa, nani kateleza, upenyo utafunguka upande gani. Ukifunguka, huwa ni wa kufumba na kufumbua. Hapo ndipo miguu inaporuhusiwa kufanya yake.

Hata hivyo, Henry alitiliwa shaka. Kimo chake kinakaribia mita 1.9, na wapo waliosema kinamfaa mlinzi, kwani mkimbiaji mrefu huwapa wapinzani mwili mkubwa wa kushika. Yeye akajifunza kuinamisha mabega anapogongana na mtu, na kuunyoosha mkono usio na mpira kumsukuma mbali anayemjia. Mchezaji mwembamba hupiga chenga. Henry hukuweka pembeni kama mwenye haraka asukumavyo pazia.

Ken Hall, kwa upande wake, hakubahatika chuoni. Alipokwenda Chuo Kikuu cha Texas A&M, kocha Bear Bryant hakumtumia kama alivyozoea kuchezeshwa, naye akaacha timu. Baadaye alipita katika klabu kadhaa za kulipwa bila kung'ara kwa muda mrefu. Ni dhuluma kuisoma rekodi yake kwa kupitia miaka hiyo. Yadi 520 kwa mara 11 ni wastani wa yadi 47 kila alipogusa mpira, na hata ukiwashusha thamani wapinzani wa siku ile, hesabu hiyo bado inatisha.

Henry alipata walimu waliomwacha abaki alivyo. Mwaka 2015, akiwa Chuo Kikuu cha Alabama, alitwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 2020, akiichezea Tennessee Titans, alikimbia yadi 2,027, akawa mchezaji wa nane katika historia ya ligi ya NFL kuvuka 2,000 kwa msimu mmoja.

Anayetaka kuuona ufundi huu aitafute picha ya video ya Desemba 6, 2018, Titans wakicheza na Jacksonville, timu ya jiji jirani na Yulee. Henry alikimbia yadi 99, karibu uwanja mzima, akiwasukuma walinzi mmoja baada ya mwingine kandokando ya mstari wa kushoto. Itazame mara ya kwanza kwa raha zako. Mara ya pili, mwache Henry. Watazame wazuiaji wake katika sekunde ya kwanza.