Pasi kwenye Nywele Mbichi

Katika kazi nzima ya nywele za dawa, yaani nywele zilizonyooshwa kwa kemikali, hakuna uamuzi unaomgharimu mteja kuliko ule wa kumtoa kwenye draya nywele zikiwa bado mbichi, kumpaka mafuta na kumpitishia pasi ili afike ukumbini anang'aa. Uamuzi huo ni kosa lisilo na utetezi, na linauma zaidi kwa sababu msusi anayelifanya huwa amekwisha kuyavuka yaliyo magumu. Kinga ya mafuta ya mgando kwenye ngozi ya kichwa, muda wa dawa na shampuu ya kuizima kwa kawaida hufanywa ipasavyo.

Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyopandana kama vigae vya paa, na mng'ao ni mwanga unaorudishwa na magamba hayo yanapolala sawasawa. Dawa yenye pH, kipimo cha uasidi na ualkali, ya 12 hadi 14 huyainua magamba, huvunja vifungo vya salfa vinavyoushikilia mkunjo na kuuvimbisha unywele, ambao baadaye hunywa maji kwa wepesi kuliko ule usioguswa na dawa. Unywele wa namna hiyo ndio unaobanwa na pasi ambayo mara nyingi hufika nyuzi 230 za Selsiasi, ilhali maji huchemka kwenye nyuzi 100. Maji yaliyomo ndani hugeuka mvuke ghafla, na mvuke unaokosa njia hufanya mapovu katikati ya keratini, protini inayouunda unywele, hata ukabaki na matundu kama ya mkate.

Sauti ile ya kukaangika na mvuke mweupe unaopanda juu ya sikio la mteja, ambavyo wengi huvisifu kuwa dalili ya pasi kushika, ndivyo vinavyotangaza uharibifu wenyewe. Mafuta yaliyotangulia hayaokoi kitu. Huulaza uso wa nje na kuificha hasara mpaka siku ya kuosha, ambapo taulo hubaki na vipande vifupi visivyo na kivimbe cheupe cha shina, ishara kwamba nywele zimekatika na hazikung'oka zenyewe. Wala haraka ya harusi haikubaliki kuwa udhuru, kwa maana nywele zilizoachwa kwenye rola chini ya draya mpaka zikauke hutoka zimenyooka na zinang'aa, magamba yakiwa yamelala, bila bamba la moto kuzigusa.

Safu hii haina budi kurudia lawama yake ya siku zote dhidi ya sprei za mng'ao, ambazo nyingi hutegemea silikoni: huacha utando juu ya unywele, hazitengenezi kilichoharibika, na zimewazoesha wasusi wa leo kuamini kwamba kazi hukamilishwa kwa kupuliza. Wasusi wa chanuo la moto, waliolipasha kwenye jiko la mkaa bila kipimajoto chochote, walikuwa na nidhamu zaidi, kwani walizikausha nywele kabisa, kisha wakalijaribu chanuo kwenye kitambaa cheupe, na kitambaa kikiungua rangi ya kahawia chanuo lilisubirishwa. Hata bibi wa pwani aliyemsugulia mjukuu mafuta ya nazi usiku ili amwoshe asubuhi alijua mpangilio wa kazi kuliko saluni nyingi zenye vioo vikubwa. Mwaka 2003 watafiti Rele na Mohile walipoyalinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, ni ya nazi pekee yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake, kwa kuwa asidi yake ya lauriki ina molekuli ndogo na nyofu inayoweza kupenya ndani.

Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai, na kwa hiyo ukiharibika hauponi, hukatwa. Nywele hukua takribani sentimita 1 kwa mwezi, na sentimita 24 zilizoteketea kwa dakika chache za pasi zitadai miaka 2 kurudi.