Jina na Jicho: Istilahi za Ushairi wa Kiswahili katika Kujifunza Misingi ya Usanifu wa Michoro kwa Kitabu

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna vitabu vya kiada vya usanifu wa michoro vinavyofundisha misingi ya taaluma hiyo, na inapima iwapo msamiati wa ushairi wa Kiswahili unaweza kuyabeba mafunzo hayo. Matini kuu ni kitabu cha Robin Williams, The Non-Designer's Design Book (1994). Msomaji wa kupimia ni mwanafunzi wa kidato cha nne katika kata ya Nyakakika, wilayani Karagwe. Inadaiwa kwamba dhana za ubeti, takriri na urari zinamfikisha msomaji huyo kwenye misingi ya usanifu kwa njia fupi kuliko orodha ya istilahi zilizotafsiriwa. Hata hivyo, msamiati huo una mipaka ambayo mwandishi wa kitabu cha Kiswahili hana budi kuitaja, kwa sababu ushairi husikika katika muda ilhali ukurasa huonekana mara moja.

1.0 Utangulizi

Kijana anayekulia Nyakakika, mkoani Kagera, kwa kawaida huanza na Runyambo nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia katika shule ya sekondari. Akitaka kujifunza usanifu wa michoro ili aandike mabango ya maduka, apange kadi za mwaliko wa harusi au atengeneze kipeperushi cha chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, vitabu vingi atakavyovipata vimeandikwa kwa Kiingereza. Mifano iliyomo vitabuni humo aghalabu ni ya Marekani na Ulaya.

Jibu la haraka kwa tatizo hili ni kutafsiri istilahi. Mapokeo ya kazi hiyo yapo. Utafiti wa H. J. M. Mwansoko (1990) kuhusu istilahi za isimu na fasihi ulionesha jinsi uundaji wa istilahi ulivyokuwa sehemu ya kukiwezesha Kiswahili kubeba taaluma. Swali linaloulizwa hapa ni jembamba zaidi: je, istilahi iliyotafsiriwa humfundisha mwanafunzi kuona, au humpa neno la kukariri tu? Katika somo la Kiswahili, mwanafunzi huyo amekwisha kufundishwa ubeti, mshororo, takriri na urari wa vina na mizani. Ana msamiati wa umbo ambao hajaambiwa kwamba unahusu pia bango la duka.

2.0 Kitabu cha misingi na uwezo wa jina

Kitabu cha Williams kinafungua kwa kisa kifupi. Mwandishi anaeleza kwamba alisoma katika kitabu cha miti kuhusu mti uitwao Joshua, akaamini hajawahi kuuona. Alipotoka nje aliukuta kwenye nyumba nyingi za mtaa uleule aliokuwa akiishi. Funzo analolitoa ni kwamba kitu kisicho na jina hupita mbele ya macho bila kutambuliwa, na kikishapewa jina huonekana kila mahali. Baada ya kisa hicho anataja kanuni nne: utofauti, urudiaji, upangaji wa vitu katika mstari mmoja, na ukaribu. Mbinu yake ya kufundishia haibadiliki. Ukurasa wenye kasoro huwekwa kando ya ukurasa uliorekebishwa, na msomaji huelekezwa kutazama kilichobadilika.

Ubora wa mbinu hii ni kwamba haimdai msomaji maarifa ya awali. Ellen Lupton na Jennifer Cole Phillips, katika Graphic Design: The New Basics (2008), wanaanzia kwenye nukta, mstari na bapa, yaani kwenye umbo tupu. Williams anaanzia kwenye karatasi ambazo watu huzishika kila siku: kadi za biashara, barua za ofisi, matangazo na vijarida. Hata hivyo, karatasi hizo ni za kila siku kwa msomaji wake wa Marekani. Hapo ndipo hoja yake mwenyewe inapomrudia. Iwapo jina ndilo linalofungua jicho, lugha ambayo jina hilo limekuja nayo haiwezi kuwa jambo la pembeni. Mwanafunzi anayekariri jina la kanuni kwa Kiingereza, akaambiwa alitambue katika kijarida asichowahi kukishika, amepewa jina la mti usioota mtaani kwake.

Kiswahili kinacho kielelezo cha zamani cha kitabu kinachofundisha sanaa kwa kanuni. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), aliweka sheria na diwani katika jalada moja, hivyo msomaji aliyezisoma sheria aliweza kuzipima papo hapo katika tungo. Muundo huo unakaribiana na wa Williams: kanuni kwanza, kisha kazi inayoidhihirisha. Tofauti ni kwamba Abedi alitaja kanuni ambazo wasomaji wengi walikwisha kuzisikia kwa sikio kabla ya kuzisoma.

3.0 Kanuni nne na msamiati wa ushairi

Ukaribu ndio unaopata mwenzake kwa urahisi zaidi. Kanuni yenyewe inasema kwamba vitu vinavyohusiana viwekwe pamoja na visivyohusiana vitenganishwe kwa nafasi tupu. Mwanafunzi anayejua kwamba mishororo minne iliyosogeleana ni ubeti mmoja, na kwamba nafasi inayofuata inatangaza ubeti mwingine, ameshaitumia kanuni hiyo. Akiambiwa kwamba katika kadi ya harusi majina ya maharusi ni ubeti mmoja, mahali na saa ni ubeti wa pili, na namba za simu ni ubeti wa tatu, hahitaji maelezo marefu.

Urudiaji unalingana na takriri, na kwa namna ya pekee na kibwagizo, kwa kuwa sehemu inayorejea ileile ndiyo inayoziunganisha beti zinazotofautiana. Rangi moja ya vichwa vya habari katika kurasa zote za kijitabu hufanya kazi ya kibwagizo. Tofauti iliyopo ni ya msingi. Kibwagizo humfikia msikilizaji baada ya muda kupita, na sehemu ya utamu wake ni kukingoja. Katika bango, vitu vinavyorudiwa huonekana kwa pamoja, na hakuna kungoja. Takriri iliyozidi, ambayo katika wimbo huweza kuongeza hamasa, katika bango hugeuka msongamano.

Utofauti unaleta tatizo la uteuzi wa neno. Tanakuzi haifai, kwa kuwa inahusu mgongano wa maana, ilhali utofauti wa msanifu ni wa kiwango kinachoonekana: herufi nene dhidi ya nyembamba, kubwa dhidi ya ndogo. Isimu inatoa neno linalofaa zaidi, ulinganuzi, kama linavyotumika katika isimu linganuzi. Hata hivyo, neno hilo limezungukwa na ndugu zake, ulinganifu na ulinganisho, na mwanafunzi anaweza kuyachanganya yote matatu. Mwandishi wa kitabu anapaswa kulifafanua kupitia kauli ya kutendua: kulinganua ni kuutangua mlingano. Zoezi la karibu linapatikana katika kamusi ya lugha zaidi ya moja, kama ile ya Runyambo, Kiswahili na Kiingereza iliyoandaliwa na Josephat Rugemalira (2002). Mwanafunzi apewe vidahizo vichache vya aina hiyo, avinakili kwa mkono, kisha aamue lugha ipi iandikwe kwa herufi nene, ipi kwa mlazo na ipi kwa herufi za kawaida ili jicho lisipotee.

Kanuni ya nne, ya kuvipanga vitu katika mstari mmoja, haina mwenzake katika ushairi. Mishororo huanzia kushoto kwa mstari mmoja kwa sababu ya desturi ya uchapaji, si kwa sababu ya sheria ya utungaji. Miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu ilikuwa na desturi ya kuviweka vipande vya ubeti mfululizo katika mstari, vikitenganishwa kwa alama. Chapa za hati za Kirumi zikavipanga vipande hivyohivyo kimoja chini ya kingine. Hakuna silabi iliyobadilika, lakini jicho lilipewa kazi nyingine. Neno la kanuni hii linafaa kutafutwa kwa fundi mwashi, ambaye hupima wima wa ukuta kwa timazi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kingo za maneno katika bango zinapaswa kwenda timazi, amepewa jina pamoja na kipimo chake.

Urari unahitaji tahadhari kubwa zaidi. Katika ushairi wa kimapokeo, mizani huhesabiwa, na ukwapi wenye mizani minane hutazamiwa kukutana na utao wenye mizani minane. Mwanafunzi akiuhamisha urari huo kwenye karatasi kama ulivyo, kila kitu atakiweka katikati na kukigawa nusu kwa nusu. Lakini ukurasa unaweza kuwa na urari bila nusu zake kufanana, pale ambapo doa dogo jeusi lililo pembeni linabeba uzito wa eneo kubwa la rangi hafifu. Mfano wa kumtoa mwanafunzi kwenye hesabu ya silabi ni mizani yenye mkono mrefu, ambayo jiwe dogo likisogezwa mbali na mhimili huusawazisha mzigo mzito ulio karibu nao.

Ushahidi kwamba lugha na nafasi vinaweza kupangwa pamoja umo katika kanga. Kanga ina pindo linalozunguka pande nne, ina mji, na ina jina, yaani maneno yanayokaa sehemu ya chini ya mji. Hayo ni majina ya Kiswahili ya sehemu za mpangilio, na hayakutafsiriwa kutoka katika kitabu chochote. Jina la kanga hukaa kwa kawaida katika mstari mmoja, hivyo mtunzi wake hufungwa na upana wa nguo kama mshairi anavyofungwa na mizani. Aidha, vipande viwili vya doti hubeba mchoro uleule. Mwanafunzi wa Karagwe yuko mbali na pwani, lakini nguo hiyo anaijua.

4.0 Ukurasa wa Kiswahili si ukurasa wa Kiingereza

Kasoro nyingine ya vitabu vya misingi vinapohamishwa ni kuichukulia sura ya maandishi ya Kiingereza kuwa sura ya maandishi yote. Robert Bringhurst, katika The Elements of Typographic Style (1992), anataja mstari wa herufi 45 hadi 75, pamoja na nafasi, kuwa unaoridhisha. Kipimo hicho kina manufaa, lakini matokeo yake hubadilika lugha inapobadilika. Chukua sentensi hii: "Wanafunzi waliokwenda Karagwe hawakuwakuta walimu waliowategemea." Ina herufi 64 pamoja na nafasi, lakini maneno sita na nafasi tano tu. Mstari wa Kiingereza wa urefu huo aghalabu huwa na maneno kumi au zaidi. Msanifu akinyoosha kingo zote mbili za safu, upungufu wote wa mstari wa Kiswahili hugawanywa katika nafasi hizo chache, na mianya mipana hujitokeza katikati ya aya. Kadiri safu inavyokuwa nyembamba, ndivyo kasoro hiyo inavyozidi.

Dawa yake imo katika fonolojia ya lugha yenyewe. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo neno waliowategemea laweza kukatwa mahali pengi: wa-li-o-wa-te-ge-me-a. Programu inayofuata kanuni za Kiingereza huweza kulikata mahali pasipo na mpaka wa silabi, au kuzitenganisha herufi za ch, ny na ng' ambazo hazitenganishwi. Kitabu cha usanifu cha Kiswahili kinahitaji ukurasa mmoja wa somo hili, na mwandishi wake anaweza kuuazima kutoka katika kitabu chochote cha sarufi.

Vivyo hivyo, mazoezi ya mpangilio hutumia maneno ya Kilatini yaliyovurugwa, yenye asili katika maandishi ya Cicero, ili msomaji atazame umbo bila kuvutwa na maana. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili zoezi hilo humwonesha umbo lisilo lake. Maneno ya Kilatini yana urefu mwingine na konsonanti nyingi za mwisho, wakati ukurasa wa Kiswahili umejaa herufi a na maneno marefu yenye viambishi. Maandishi ya Kiswahili yaliyotungwa kwa ajili ya mazoezi yangefaa zaidi.

5.0 Kanuni na uvunjaji wake

Huenda ikadaiwa kwamba kuanzia kwenye ushairi kutamfunga mwanafunzi katika ukale. Historia ya ushairi wenyewe inaonesha kinyume. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi (1974), na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), mjadala ulihusu iwapo vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi au ni sehemu ya mapokeo tu. Mjadala huo umesomwa zaidi kama suala la sikio na utamaduni. Unafaa kusomwa pia kama suala la ukurasa. Shairi lisilo na vina linapoteza alama inayomwambia msikilizaji kwamba mshororo umekwisha, na kazi hiyo inahamia kwenye jicho: mahali mstari unapokatwa, urefu wake, na weupe unaoufuata. Kithaka wa Mberia, katika Mchezo wa Karata (1997) na Bara Jingine (2001), ameisogeza mbele zaidi hatua hiyo kwa kuyapanga maneno yachangie maana kwa umbo lao karatasini.

Kwa mwanafunzi, mjadala huo ni somo la usanifu lililokwisha kuandikwa kwa Kiswahili. Unamfundisha kwamba kanuni huweza kuvunjwa na anayejua ilikuwa ikifanya kazi gani, na kwamba akiivunja lazima kazi hiyo aikabidhi kwa kitu kingine. Vitabu vya misingi hulisema jambo hili kwa sentensi moja ya tahadhari. Fasihi ya Kiswahili inalo katika vitabu na hoja za miongo kadhaa.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba kitabu cha Williams kina nguvu pale kinapolichukulia jina kuwa chombo cha kuonea, na kwamba nguvu hiyo haivuki lugha kwa tafsiri ya orodha. Kitabu cha Kiswahili cha misingi ya usanifu wa michoro kinaweza kuanzia kwenye ubeti kwa ajili ya ukaribu, kikaenda kwenye timazi, kisha takriri, kisha ulinganuzi, na kuuacha urari mwishoni kwa kuwa ndio unaopotosha kwa urahisi. Kila hatua ieleze mahali ambapo ukurasa unaachana na ushairi.

Mazoezi yake ya kwanza hayahitaji kompyuta, jambo lenye uzito kwa shule za vijijini. Mwanafunzi atunge ubeti wake mwenyewe, auandike kwa mstari mmoja, kisha kwa mishororo minne, kisha kwa mistari isiyolingana, kwa penseli na rula, na aeleze kilichobadilika ilhali maneno ni yaleyale. Zoezi hilo linaweza kufanywa katika kipindi cha Kiswahili chini ya mwalimu wa fasihi ambaye hajasomea usanifu. Kinachobaki kwa wataalamu wa istilahi ni kuamua yapi kati ya maneno yaliyopendekezwa hapa, hususani ulinganuzi na timazi, yanastahili kusanifishwa, na uamuzi huo utakuwa imara zaidi ukifanywa baada ya maneno hayo kujaribiwa darasani.