Mtafiti wa Kimvita asiiache Marikiti nyumbani aendapo ng'ambo

Mwaka wa 1928, wajumbe kutoka makoloni ya Waingereza Afrika Mashariki walikutana Mombasa kuamua lahaja ya kusanifishwa. Walichagua Kiunguja. Kimvita, lugha ya mji uleule waliokutania, kikawekwa kando, ingawa Krapf alikuwa ameanza kukichunguza tangu 1844. Kongamano basi si porojo. Yasemwayo humo, na yasiyosemwa, huishia vitabuni.

Nalisema hili kwa sababu ya wanafunzi wetu wa uzamifu wanaoalikwa kuwasilisha mada ng'ambo. Hebu tumchukue mmoja anayetafiti mazungumzo ya wauzaji wa Marikiti, soko la pale Mji wa Kale lililoitwa zamani Mackinnon. Kinasa sauti chake kimejaa hazina: "ndoo" kwa maana ya njoo, "ndia" kwa njia, "mato" kwa macho. Amenasa pia "paa" la nyumba na "paa" mnyama. Maandishi sanifu huyaandika sawasawa, lakini Mmvita huitamka p ya mnyama kwa mpumuo.

Haya, viza imetoka, nauli imepatikana. Ukumbini anapewa dakika 20. Kumi na tano zinaishia kwenye nadharia za Wazungu. Zilizosalia anaonyesha mifano, tena ameshaisanifisha na kuifasiri kwa Kiingereza. "Ndoo" imekuwa "njoo", na mpumuo umepotea. Sasa muuzaji wa viungo yuko wapi? Nadharia ni mizani tu, na mizani bila bidhaa haipimi kitu.

Utetezi ninaousikia ni kwamba wageni hawataelewa. Si hoja. Kongamano la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, hupokea mada kwa Kiswahili, na wanaohudhuria wengi wanakijua. Kwenye makongamano ya isimu kwa jumla, Kiingereza kinahitajika, sawa. Hata hivyo, mfano utangulie kama ulivyotamkwa, tafsiri ifuate.

Kimvita kimewahi kusafiri kikiwa kizima. Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa Mombasa, alimsaidia W.E. Taylor kukusanya na kufafanua tungo za Muyaka bin Haji. Miswada ikafika London, na mwaka wa 1940 Hichens akachapisha diwani huko Johannesburg. Wasomi wa ng'ambo wangali wanamsoma Muyaka kwa Kimvita chake kwa sababu Sikujua hakumsahihisha mshairi ili awapendeze wageni.

Kwa hivyo, mwanafunzi, kabla hujapanda ndege, rudi Marikiti. Wasomee wenye lugha mifano yako, wakukosoe matamshi na maana. Ukirudi, warejeshee ulichoulizwa huko. Mwaka wa 1928 sauti zao zilikosekana kikaoni. Leo wewe ndiwe unayezibeba, na dakika ni 20 tu.